Neno "Bless" na Damu Iliyomo Ndani Yake

Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo, Mwaka A



Somo la pili la sherehe hii ni fupi mno: aya mbili tu za sura ya 10 ya Waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho. Msomaji mwenye haraka huzimaliza kabla waamini hawajakaa vizuri mabenchini. Humo Mtume anakitaja kikombe cha baraka, na papo hapo anawauliza Wakorintho kama kikombe hicho si ushirika na damu ya Kristo. Baraka na damu zimewekwa bega kwa bega. Leo napenda tulitazame jambo hilo kwa njia ambayo huenda wengine wakaiona ya mzunguko, yaani kwa kupitia kitenzi kimoja cha Kiingereza, kitenzi "bless", ambacho maana yake ni kubariki.

Sababu ya kuichagua njia hiyo ni barua ya msikilizaji mmoja. Yeye ni mwalimu, tena ni msomaji wa Neno la Mungu katika Misa ya Kiingereza parokiani kwake. Ameletewa kijitabu kinachodai kwamba neno "bless" lina asili ya kipagani, kwamba limetoka katika damu ya wanyama waliochinjwa mbele ya miungu, na kwamba Mkristo alitamkapo huiita miungu hiyo bila kujua. Anauliza mambo mawili: je, ni kweli? Na kama ni kweli, je, aache kulitamka?

Swali la kwanza lijibiwe bila kuzungukazunguka: kuhusu asili ya neno, kijitabu hakikukosea. Wataalamu wengi wa historia ya Kiingereza wanakubali kwamba "bless" limetokana na "blood", yaani damu. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1100 hivi, damu iliitwa "blod", na kitenzi chetu kiliandikwa "bletsian", au kwa lahaja ya kaskazini "bloedsian". Ukilisikiliza umbo hili la pili unaisikia damu yenyewe. Maana yake ya awali, basi, ilikuwa kutia damu, yaani kupaka au kunyunyiza damu juu ya kitu ili kiwekwe wakfu. Maandishi ya zama za upagani yanayolitumia neno hilo hayapo, kwa kuwa watu wale hawakuwa na vitabu. Maana hiyo hutambuliwa kwa umbo la neno, kama vile mtu anavyotambua kwamba "mchinjaji" ametoka katika "kuchinja" hata asipoambiwa na yeyote.

Watu wale ni akina nani? Ni Waangli na Wasaksoni, waliovuka bahari katika karne ya 5 kutoka pande ambazo leo ni kaskazini ya Ujerumani na Denmark, wakakaa katika kisiwa cha Uingereza. Walikuwa wakulima na wafugaji. Mtakatifu Beda, mmonaki wa Jarrow aliyefariki mwaka 735, na ambaye Kanisa linamheshimu kama Mwalimu wake, ametuachia habari zao. Katika kitabu chake juu ya hesabu ya nyakati, alichokiandika mwaka 725, anaeleza kwamba mababu zake waliuita mwezi unaolingana na Novemba mwezi wa kafara, kwa sababu ndipo walipowawekea miungu yao nadhiri ya mifugo waliyokusudia kuichinja. Baridi kali ilikuwa mlangoni na malisho hayakutosha mifugo yote. Mfugaji yeyote anayenisikiliza anaelewa kwamba kuchinja kwa namna ile si mchezo. Ni mali inayotoka, na ni uhai unaotoka, ili waliobaki waishi.

Kwa watu hao Papa Gregori Mkuu aliwatuma wamonaki kutoka Roma, wakiongozwa na Augustino. (Huyu si yule Augustino askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, wanafunzi wa katekesi huwachanganya kila mwaka.) Walifika katika ufalme wa Kent mwaka 597, watu wapatao 40, pamoja na wakalimani waliowapata kwa Wafranki. Mfalme Ethelbert alikuwa bado mpagani, ingawa Bertha mkewe alikuwa Mkristo. Beda anasimulia kwamba mfalme aliwapokea nje, mahali pa wazi, kwa kuwa alihofu wasije wakamfanyia uchawi wakiwa chini ya dari moja naye. Naona inatufaa sana kuikumbuka hofu hiyo. Huko nyuma wageni walioshukiwa uchawi ndio walioileta Injili.

Wamonaki hao walikuja na Kilatini, na katika Kilatini kubariki ni "benedicere", neno lililoundwa na maneno mawili: "bene", yaani vema, na "dicere", yaani kusema. Kubariki ni kusema vema. Kigiriki cha Agano Jipya kina umbo lilelile, "eulogein", yaani kunena mema. Ni neno safi, la kinywa tu, halina harufu ya zizi wala ya machinjio. Sasa litafsiriwe vipi kwa mfugaji wa Kent? Jirani zao Wajerumani walipofikia hatua hiyo walitwaa neno la Kilatini lenye maana ya kutia alama, yaani alama ya Msalaba, wakapata "segnen", nalo wanalitumia hadi leo. Waingereza hawakuazima. Walilichukua neno lao wenyewe, neno la damu, wakaliingiza kanisani. Katika jamii yote ya lugha za Kijerumani, wao peke yao ndio waliofanya hivyo, na watu wa Iceland wanaoagana hata leo kwa kusema "bless" walilipata neno hilo kutoka kwa Waingereza.

Je, lilikuwa kosa? Hapa tuisikilize Roma yenyewe. Mwaka 601 Papa Gregori alimwandikia mfalme Ethelbert akimhimiza azibomoe nyumba za miungu. Mwaka uleule alimpelekea Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda kumsaidia Augustino, barua yenye shauri jingine, nayo Beda ameihifadhi katika historia yake aliyoimaliza mwaka 731. Sanamu zivunjwe, lakini nyumba zenyewe, kama zimejengwa vizuri, zisibomolewe. Zinyunyizwe maji ya baraka, zijengwe altare, yawekwe masalia ya watakatifu, ili watu waendelee kukutana mahali walipopazoea. Tena, kwa kuwa watu hao wamezoea kuwachinjia pepo ng'ombe wengi, wasiachwe mikono mitupu. Siku ya kutabaruku kanisa, au sikukuu ya mashahidi, wajenge vibanda vya matawi ya miti kulizunguka kanisa, wachinje, wale, na kumshukuru Mpaji wa yote. Papa alifahamu kwamba anayetaka kufika mahali pa juu hupanda kwa hatua, harukii.

Barua hiyo haisemi lolote juu ya kitenzi "bless", wala sitaki kuilazimisha iseme. Hata hivyo, lililotendeka kwa nyumba na kwa ng'ombe ndilo lililotendeka kwa neno. Halikubomolewa, lilinyunyizwa maji. Na tunaweza kuonyesha mahali lilipokwisha kukaa likiwa limebatizwa kabisa. Katika jiji la London, katika Maktaba ya Uingereza, kipo kitabu cha Injili nne kilichoandikwa kwa Kilatini kisiwani Lindisfarne. Katika karne ya 10 padre mmoja aitwaye Aldred aliketi akaandika, juu ya kila neno la Kilatini, neno la Kiingereza kwa herufi ndogondogo. Hiyo ndiyo tafsiri ya Injili kwa Kiingereza iliyo ya zamani kuliko zote zilizosalia. Na Kristo abarikipo, Aldred, mtu wa kaskazini, anatumia lile umbo lenye "bloed" ndani yake, umbo la damu.

Basi nimjibu mwalimu swali lake la pili. Asiache. Anayelikataa neno "bless" kwa ajili ya asili yake, awe na msimamo mmoja, aikatae na kalenda. Siku ambayo Waingereza huiita "Wednesday" ni siku ya Woden, mungu mkuu wa wapagani wao. Na "Friday" ni siku ya mungu wao wa kike aliyeitwa Frig. Hata hivyo Wakatoliki wa Uingereza hupakwa majivu Jumatano hiyo na hufunga Ijumaa hiyo ya Mateso ya Bwana, na hakuna anayemfikiria Woden wala Frig. Neno huishi kwa matumizi yake ya sasa. Asili yake ni kumbukumbu, haina mamlaka ya kumfunga msemaji. Wanaozunguka na vijitabu vya namna hii wangefanya vema kuyatazama kwanza maneno yao wenyewe, kwani karibu kila neno tulilo nalo liliwahi kukaa katika kinywa cha asiyemjua Kristo.

Waingereza wenyewe, kwa kweli, waliisahau ile damu zamani. Tangu kale walianza kulisikia neno "bless" kama ndugu wa "bliss", yaani furaha kuu, ingawa mizizi ya maneno hayo mawili ni mbalimbali; na ukaribu wa sauti ukalivuta neno letu kuelekea heri na raha. Mtu akipiga chafya huambiwa "bless you". Maskini aliyeishiwa husemwa kwamba hana hata peni ya kujibariki nayo, kwa sababu peni za fedha za zamani zilichorwa msalaba. Wapo pia wanaolitumia kinyume, wakisema wamebarikiwa pale wanapotaka kusema wamelaaniwa, kwa kuepa tu kulitamka neno baya. Wasomaji wa Kitabu cha Ayubu wasishangae, kwani huko nako, katika sura ya 2, mke wa Ayubu anapomshauri mumewe amkufuru Mungu afe, neno lililoandikwa katika Kiebrania ni neno la kubariki; waandishi watakatifu waliona aibu kuandika lile jingine karibu na jina la Mungu.

Nawaonya ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi waliosoma Kifaransa: "blesser" ya Kifaransa ni kujeruhi, nayo haitoki katika mzizi huu. Kufanana kwa herufi kumewapotosha wahubiri kadhaa.

Na sisi tunaosema Kiswahili? Neno letu kubariki lilitujia kutoka Kiarabu, na wamisionari wa Bagamoyo, waliofika mwaka 1868, walilikuta pwani vinywani mwa Waislamu. Hawakulikataa. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na mzizi wa neno hili ni mmoja katika lugha zote mbili. Hivyo kijana wetu aitwaye Baraka, mzee aitwaye Mbaraka, na Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia, wanaitana kwa jina lenye mzizi mmoja. Katika Kiebrania herufi zilezile zinaunda pia neno "berek", yaani goti. Wataalamu wanabishana kama maneno hayo mawili yalianza pamoja, lakini Mwisraeli aliyasikia pamoja. Katika sura ya 24 ya Mwanzo, mtumishi wa Abrahamu anapowapigisha ngamia magoti kando ya kisima, kitenzi kilichotumika kina herufi hizohizo za baraka. Nasi tunapiga magoti kupokea baraka, bila kufundishwa Kiebrania.

Hivyo tunayo mapokeo matatu. Warumi na Wagiriki walisikia katika baraka neno jema lisemwalo. Waebrania walisikia ndani yake goti. Waingereza walianza na damu. Kwa maoni yangu hatuwezi kuacha hata moja, na la tatu ndilo tunalolihitaji zaidi siku hizi. Nasema hivyo kwa sababu ya yale tunayoyaona maparokiani. Mtu ananunua gari, analileta libarikiwe, na ukimsikiliza vizuri unagundua kwamba anatafuta hirizi ya bei nafuu: maji kidogo, maneno kidogo, na ajali isimguse. Gari libarikiwe, ndiyo. Kanisa lina sala zake kwa ajili hiyo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 1078, inafundisha kwamba kubariki ni tendo la Mungu mwenyewe linalotoa uhai, na kwamba baraka yake ni neno na papo hapo ni zawadi. Uhai hautolewi bure. Yupo anayeutoa.

Fungueni Kitabu cha Walawi, sura ya 9. Haruni anatoa kafara kwa mara ya kwanza kama kuhani. Anachinja ndama na mbuzi, anatia damu katika pembe za altare, anaimwaga chini yake. Ndipo, katika aya ya 22, anainua mikono kuwaelekea watu na kuwabariki, kisha anashuka. Mikono inayoinuliwa ni mikono iliyotoka kushika damu. Hakuna Mwisraeli pale aliyefikiri kwamba baraka ni maneno matupu. Hapo kabla, huko Misri, damu ya mwana-kondoo ilipakwa kwenye miimo ya milango kwa kitawi cha hisopo, na walio ndani wakaishi. Mfugaji wa Kent, mwenye neno lake "bloedsian", angelielewa simulizi hilo upesi kuliko mwanasheria wa Roma.

Sasa turudi katika kikombe cha Mtume Paulo. Wayahudi walikiita kikombe cha baraka kile walichokinywa mwishoni mwa mlo pamoja na sala ya kumshukuru Mungu. Paulo, aliyeandika kwa Kigiriki, anatumia neno la kunena mema, mara mbili, kwa kikombe chenyewe na kwa tendo letu la kukibariki. Kisha anaitaja damu. Kiingereza hakukijua. Lakini katika tafsiri za Kiingereza zinazosomwa kanisani, yanafuatana katika sentensi moja maneno "blessing", "bless" na "blood", watoto watatu wa mama mmoja, na hakuna lugha nyingine ya waamini wetu inayoweza kuyaonyesha hivyo. Mwalimu wetu ayasome polepole.

Nataja pia jambo moja linalowasumbua makatekista wafundishao kwa lugha mbili. Kiingereza kina "blessed" moja kwa mambo mawili. Katika Salamu Maria neno hilo ni sawasawa na "kubarikiwa" kwetu. Katika hotuba ya mlimani, ambako Mathayo aliandika neno lenye maana ya mwenye furaha ya kweli, Waingereza wengi husema "blessed" tena, nasi twasema "heri". Kiswahili hapa ni sahihi zaidi. Msimfundishe mtoto kwamba heri na baraka ni kitu kimoja kwa sababu tu kitabu cha Kiingereza kimetumia neno moja. Na atakayelisoma kwa sauti mbele ya watu akumbuke kwamba, likiwa sifa, hutamkwa kwa silabi mbili.

Limebaki swali ambalo mwenye kufikiri atakuwa amekwisha kujiuliza. Kunena mema ni jambo la kinywa, na damu haina kinywa, yakutane wapi? Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 12, aya ya 24, anasema kwamba tumeijia damu ya kunyunyizwa, ambayo inanena mema kuliko ile ya Habili. Damu ya Habili nayo ilinena. Mwanzo, sura ya 4, inasimulia kwamba ililia kutoka ardhini mbele ya Mungu, na kilio chake kilikuwa cha kumshitaki ndugu aliyemwaga, hata Kaini akalaaniwa. Damu ya Kristo ilimwagwa na ndugu zake vilevile, nayo inanena mbele ya Mungu yuleyule, na inachokinena kwa waliomwua ni msamaha.